Vyote Alivyokula Baba

Mwaka nilioanza la kwanza pale Kitangari
nilikuwa na Kimakonde mdomo mzima,
Kiswahili nikikichungulia tu
kama mtoto anavyochungulia chungu cha jirani.
Mwalimu Mkachamila akaandika ubaoni: KULA.
Akachora sahani. Akachora mkono.
"Mmeelewa?"
"Ndiyooo!"

Nilielewa. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Msimu ulipofika, Bi Somoe akamwambia mama
kwenye uzio wa mianzi, kwa sauti ya chini:
"Mwenzio mwaka huu amekula hasara."
Nikakimbilia jikoni. Chungu kimepinduliwa, jivu la jana.
Hasara ni kitu gani? Inachemshwa, au inachomwa?
Na kwa nini aile peke yake,
baba ambaye mng'oko mmoja huukata vipande vitano
halafu chake akakiita kikubwa?

Nikaanza kuhesabu kwa maganda ya korosho.

Salfa ya mkopo imekula magunia mawili.
Mizani imekula kilo tatu kila gunia,
nami nikaizunguka ile mizani ya chama
nikiutafuta mdomo wake, nikapata kutu tu.
Karani na mtunza ghala wamekula njama:
nikanusa tundu la ufunguo mpaka nikapiga chafya.
Harufu ya magunia. Basi.

Katibu akaitwa mkutanoni, akala kiapo.
Watu wote walimwona.
Alipomaliza alijifuta midomo kwa leso,
nikajisemea: huyu ameshiba.

Na mnunuzi, yule wa gari jeupe,
siku ya malipo akala kona.
Hiyo kona naijua, iko kwa mzee Nangomwa,
penye mkorosho uliopigwa radi.
Nilitembea hadi pale nikaikagua.
Ilikuwa nzima, haijang'atwa hata upande,
ila vumbi lilikuwa bado halijatulia.

Bibi peke yake ndiye niliyemthibitisha.
Walisema amekula chumvi nyingi;
usiku alipolala nikamlamba mkono,
hapa, juu ya kiwiko.
Kweli tupu.

Sisi wengine tulikula mabibo.
Mabibo asubuhi, mabibo mchana, na yaliyokauka
yakawa kochoko ya kudanganyia usiku,
hadi ulimi ukakakamaa kama umevishwa soksi.
Mdogo wangu Dadi alilia akitaka ugali
na mama akamwimbia wimbo mrefu kuliko njaa yake,
au karibu sawa.

Ndipo Mwalimu akasema: tungeni sentensi, kitenzi kula.
Mtoto anakula wali.
Juma anakula chungwa.
Mbuzi anakula majani, akasema Mbuzi,
yaani Saidi, tulimwita hivyo.
Nikasimama, maganda yangu mfukoni yakigongana:
"Baba amekula hasara, mizani imekula kilo,
katibu amekula kiapo, gari limekula kona,
bibi amekula chumvi.
Sisi hatujala."

Hakuna aliyecheka.
Mwalimu alikuwa na chaki mkononi,
akaigeuza, akaigeuza, ikamkatikia.
Mkewe naye alikuwa na ekari mbili kule Mahuta.
"Ni sahihi," akasema. "Sarufi yake ni sahihi."

Akaniandikia kumi juu ya kumi, wino mwekundu.

Nikaibeba kumi ile nyumbani mbio.
Mama akalipokea daftari karibu na koroboi,
akalitazama, akaligeuza juu chini,
kama anayetafuta pa kulikatia vipande vitano.

Baba hakuuliza kitu.
Siku hizi vijana wana neno kwa mtu anyamazaye hivyo,
husema amekula jiwe.
Wakati ule sikulijua neno lenyewe,
lakini nilikuwa nimekaa karibu naye mkekani
na nililisikia likishuka.