Daftari la Bei za Matufaha

Genjiro huandika bei za matufaha
upande wa kushoto wa daftari.
Upande wa kulia naandika mimi damu yake.

Mia na sabini na nane kwa mia na nne:
ukurasa wa kwanza, mwezi wa pili,
theluji imeziba dirisha la chini.
Akacheka. Akasema hiyo ni bei ya sanduku,
si ya mtu.

Huku Tsugaru kila nyumba ina pipa la figili,
chumvi juu, jiwe juu ya chumvi.
Baba yake alianguka chooni usiku wa barafu.
Kaka yake alianguka kutoka kwenye ngazi,
mkasi wa kupogolea ungali mkononi.
Watu wa hapa husema "amepigwa",
kama kwamba mpigaji alipita tu njiani,
hana jina, hana kwao.

Daktari Hatakeyama akampa kidonge kimoja.
Presha ikashuka kama paka mvivu:
ngazi mbili, ikajilaza.
Akaongeza dozi; miguu ikafura,
viatu vya mpira vikakataa kuingia,
na Genjiro akavitia vidonge vyote jikoni, motoni.
Sikumkaripia. Niliandika:
Leo hakumeza. 171.

Ndipo daktari, bila kupandisha sauti:
"Tusimlemeze huyu mmoja. Tumtafutie mwenzake."
Huyu ailegeze mishipa;
yule aitulize figo, maana figo ina wivu,
ikiona kamba imelegezwa huku
huikaza kule.
Dozi ndogo ya huyu, dozi ndogo ya yule,
ndani ya ganda moja la rangi ya maziwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nalijua.
Mwezi wa sita huyavisha matufaha mifuko ya karatasi,
moja moja, maelfu,
na hakuna mkono uliowahi kufunga mfuko peke yake.
Lakini nikauliza: na baada ya miaka kumi?
Hawatagombana humo ndani, hawa wawili?
Akavua miwani. "Kwa wengi hukaa vizuri.
Kwa mumeo, sijui bado.
Ndiyo maana tutapima."

Tukapima.
Potasiamu, figo, asubuhi, jioni,
mkono wa kushoto, kisha wa kulia.
Uvimbe ukapungua, viatu vikarudi kazini.
Mwaka wa tatu, joto la mwezi wa nane,
akaketi ghafla kati ya safu za miti,
dunia ikimzunguka: tisini na sita.
Dozi ikapunguzwa. Nilimchukia daktari siku mbili.
Mwaka wa saba potasiamu ilipanda kidogo,
tukaitwa, tukapima upya, ikateremka.
Hayo tu ndiyo makubwa.

Kwingine kote ni hivi:
128. 131. 126. 129.
Kurasa kwa kurasa, mwandiko wangu ukizeeka.
Upande wa kushoto kuna vimbunga, mvua ya mawe,
mwaka ambao sanduku halikulipa hata nauli yake.
Upande wa kulia hapana habari.
Sikujua kwamba neema inaweza kuchosha hivi.

Mtu akipona homa, unasema amepona.
Asipopigwa, unasema nini?
Nani humshukuru mwizi kwa usiku ambao hakuja?
Mwaka wa kumi na mbili sasa, na sina ushahidi wowote
ila huyu mzee anayelalamika
kwamba figili zangu hazina ladha tena.

Kuna siku moja haina namba.
Aliigusa juzi kwa kidole: "Hapa ilikuwaje?"
Ilikuwa arusi ya Chihaya.
Kidonge ulimeza, nikamwambia. Kupima nilisahau.

Leo yuko juu ya ngazi,
ngazi ileile ya kaka yake,
theluji hadi magotini mwa miti.
Mimi niko ndani, kalamu mkononi,
nasikiliza mkasi.
Kacha.
Kimya.

Kacha.