Siku za Kazi

Mizani arobaini za kupimia mizinga
zimelala Entebbe, ghala la mizigo, rafu ya tatu,
kila moja na antena fupi kama mkia wa mbuzi.
Zimelipiwa kwa asali ya mwaka jana.
Driciru, mweka hazina wetu, hupiga simu kila Jumatatu kutoka Terego:
"Zimetoka?"
Hazijatoka.

Etoma, wakala wa forodha, amenifundisha hesabu mpya.
Siku ya kazi, anasema, si siku.
Jumamosi si siku. Idi si siku.
Siku ambayo mtandao wa ofisi umelala, nayo si siku.
Na hizo chache zinazobaki hazianzi kuhesabiwa
mpaka faili likamilike;
na faili letu, dada, lina pengo:
barua ya kiwanda imepigwa muhuri ukurasa wa kwanza,
wa pili haukupigwa.

Nikakiandikia kiwanda. Kiwanda kilikuwa likizo.
Likizo yao, nakwambia, ilikuwa na siku.

Mishea ikachanua.
Driciru akapiga, safari hii hakuuliza kitu,
akainyoosha simu kuelekea matawini
nami nikawasikiliza nyuki mpaka salio lake likaisha.

Usiku huo nikapanda basi.
Daraja la Pakwach nililivuka nimelala,
hasira yangu mapajani, imefungwa vizuri kama kuku wa zawadi.

Ghorofa ya nne, afisa Nalubowa,
miwani yake imeshikwa na uzi mweusi.
Nilidhani nitakuta mkono uliofunguka chini ya meza.
Nikakuta kiti. Nikakuta chai.
Akavuta droo, akatoa kidude cha kufungulia geti:
"Hiki kilipita bila cheti.
Kila geti la tajiri lilipofunguka kule Muyenga,
redio ya ambulensi ilikufa.
Wiki tatu tulizunguka na antena juu ya gari, tukikitafuta.
Hewa nayo ni shamba, mama,
ila haioti masale ya mpaka."

Nikakigeuza mkononi. Kilikuwa chepesi.
Hasira niliyoibeba usiku kucha ikakosa pa kutua.
"Na nyuki?" nikauliza.
Akatazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.
"Sampuli zenu ziko maabara. Wapimaji ni wawili.
Mmoja amejifungua juzi. Mtoto wa kike."
Nikasema hongera. Ningesema nini?

Etoma ananiambia mizani moja iliamka ndani ya boksi,
labda ilitikiswa ikishushwa kwenye ndege.
Taa yake ya kijani inapenya karatasi,
na kila robo saa inatangaza uzito inaoubeba:
sifuri,
sifuri,
bila kibali, kwa sauti ndogo,
na hakuna wa kuisikia.
Mlinzi wa zamu ameifunika gunia.

Cheti kilikuja Alhamisi, namba ndefu kuliko jina la babu yangu.
Tukabandika vibandiko arobaini kwa vidole vyenye nta.
Mvua ilikuwa imeshayaosha maua, maua yameshakuwa matope,
na Driciru alikuwa ameacha kupiga Jumatatu.

Ujumbe wa kwanza uliingia saa moja asubuhi:
mzinga wa kwanza, kilo kumi na moja.
Nikamsomea.
"Hiyo ni mbao," akasema.
Wa pili, kilo kumi na moja na robo.
"Mbao na mjusi."
Tukacheka, kisha tukaacha.

Sizilaumu mizani. Hazikukosea hata gramu.

Leo nimelifungua daftari la chama, ukurasa wa mwakani,
nikaandika juu kabisa: mishea kuchanua.
Kuna mizani nyingine sitini za kuagiza.
Nimeanza kuhesabu kurudi nyuma kwa kidole,
naruka Jumamosi,
naruka Idi,
naacha nafasi ya mtoto mmoja kuzaliwa.