Pipa la Jumatano

Saa tisa usiku maji yakafika Pipeline,
ghorofa ya sita, kwa kukohoa.
Nikajaza pipa,
nikavaa miwani niliyorudi nayo kutoka Wasini,
nikatumbukiza uso.

Chini, kata nyekundu
imetulia kama kiti cha pweza.

Kule nilitapika botini, nikacheka, nikazama tena.
Kasa alinipita bila salamu.
Ufukweni kaa walinikimbia kwa ubavu
kama sisi wapangaji, tarehe tano,
tukisikia viatu vya mwenye nyumba.

Mwikali anagonga pipa:
"Toa kichwa, hayo ni ya chai!"

Bado kidogo.
Humu kila kishindo ni injini,
boti inarudi kutuchukua,
na mimi sijamaliza kuangalia.