Moshi Uko Wapi?

Daktari aliinua picha ya kifua dirishani,
akaonyesha utando, kama wa buibui jikoni.
"Mama Musonda, makala basi."
Miaka ishirini na sita ya michopo pale Katuba,
mbabula mbili, ubao, kisu cha marehemu baba,
vikaishia kwenye neno fupi kuliko kikohozi.

Nikampeleka mjini, mimi bintiye,
na dola nilizozificha kwenye soksi tangu Pasaka.

Majiko ya gesi yalisimama mstari kama mabwana harusi,
yamevaa vifuniko, yanang'aa, hayajawahi kula.
Muuzaji, kijana Kabwe, akafunua la kwanza:
viwashio vinne, saa ya kupimia joto,
kabati la sahani, magurudumu.
"Magurudumu ya kwenda wapi?" mama akauliza.
"Uani kwetu ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha
hata mbuzi anakwama."

Hakutazama bei. Aligonga chuma kwa kidole,
kama anayechagua tikitimaji, akasikiliza.
La pili likalia bati tupu.
"Hili litakunja uso kabla ya Krismasi."
La tatu, dogo, jeusi, viwashio viwili tu,
likamjibu kwa sauti nzito.
"Mafuta yanadondokea wapi?"
Kabwe akavuta trei.
"Na moshi? Moshi uko wapi?"
"Halina moshi, mama. Ndiyo uzuri wake."
Mama akanyamaza mpaka tukalipa.

Jumapili. Chupa ya gesi imeketi pembeni
kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.
Nikazungusha kifundo, tik, tik, moto ukachomoza
wa buluu, mwembamba, wenye adabu kupita kiasi.
Nyama ikaiva. Chumvi sawa, pilipili sawa,
kitunguu kimekatwa, bukari imefunikwa.
Mama hakukohoa hata mara moja.
Na hakuna aliyekuja.

Tulikaa. Mafuta yakaganda kwenye sahani.
Ng'ambo ya ukuta akina Ilunga
walikuwa wakigombania redio.
Miaka yote ile, nikakumbuka,
hatukuwahi kumwalika mtu kwa mdomo.

Mama akainuka. Akaokota kopo la sadini,
akalijaza vumbi la mbao lililobaki
siku fundi aliporekebisha mlango,
akaliweka juu ya chuma, kisha akarudi nyuma
hatua tano, kitenge puani,
akimtii daktari nusunusu.

Uzi mmoja wa moshi ukapanda, ukayumba,
ukaruka ukuta.

Lango likagongwa kopo halijawa hata jeusi.
"Mama Musonda! Kumbe mpo?"
"Tupo," akasema, akakohoa kidogo, akacheka.
"Njoo na kiti chako."