Lehemu ya Mwinjaka

Linavuja wapi? nikamuuliza Mbelwa.
Kote, akasema, kama mtu anayeonyesha mvua.

Bedford la babu yake, pua ya duara,
limebeba chokaa ya Pongwe
mpaka rangi yake ya kuzaliwa imesahaulika.
Lilifika gereji ya Gofu kwa kusukumwa.
Akauliza fundi yuko wapi.
Nikamkabidhi tochi: Mulika hapa, kaka.

Kwanza sikugusa kitu.
Injini iliyochemka huhojiwa ikishapoa.
Kifuniko cha rejeta kinamdai kila mwenye haraka,
na mkono wangu wa kushoto umeshalipa,
ngozi imejikunja hadi kiwiko.

Tukakaa juu ya tairi bovu, kahawa chungu, kashata mbili,
naye akaanza kuungama:
alitia manjano, kijiko kizima.
Yakavuja ya njano.
Akatia ute wa yai. Akatia sabuni ya kipande.
Pale Muheza mtu akamshauri unga wa muhogo.
Umepika, nikamwambia, hukutengeneza.
Na maji?
Ya kisima cha nyumbani.
Nikachovya kidole, nikaonja:
maji ambayo mkeo hayatii chai
umeyanywesha chuma.

Nikachomoa dipstiki kwa moyo mdogo.
Oili ikigeuka chai ya maziwa, silinda hedi imekwenda,
na nilishawaona mbuzi wa mama yake wakiuzwa.
Ilikuwa nyeusi.
Nyeusi ya haki, nyeusi ya uzee tu.
Nikapumua, yeye hakujua kwa nini.

Nyumba ya thamostati: tupu, buibui tu hayumo.
Nani kaitoa?
Fundi wa Hale. Alisema nchi ya joto
ina haja gani na kifaa cha joto?
Nikanyamaza. Hale ni mbali, na matusi yana nauli.

Mpira wa chini nikauminya: ndizi mbivu.
Mbelwa, kanyaga mafuta.
Akakanyaga, nami nikauona ukijinyonga,
pampu inavuta, koo linajifunga,
juu maji yanatokota, chini yana kiu.

Tukanunua mpira Barabara ya Kumi na Mbili,
na thamostati, ambayo sikuiamini hata ilipokuwa mpya.
Nikaichemsha kwenye sufuria ya mama ntilie
hadi ikafunua mdomo, polepole, kama chaza.

Ikabaki rejeta.
Nikaiziba matundu, nikaizamisha kwenye pipa,
nikaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli.
Mapovu matatu, kona ya chini.
Na juu yao kidogo, bila povu hata moja,
mshono wa lehemu, mnene katikati,
umemalizwa kwa nukta mbili.

Moja ya kazi, alikuwa akisema, moja ya bahati.

Mwinjaka tulimzika mwezi wa Rajabu.
Alinifundisha kwa kunikemea:
Usiisukume lehemu, wee! Iite. Pasha shaba, itakuja yenyewe.
Sikujua aliwahi kulitibu gari hili.
Mbelwa naye hajui; babu hakusimulia.

Nikasugua kona mpaka shaba ikang'aa.
Nikachana kanga yangu ya kazini,
nikailowesha, nikauvika ule mshono
ili moto wangu usiuyeyushe.
Mbona unafunika hapo? Hapo pamepona.
Mulika, nikasema. Tochi inatikisika.

Nikaita. Ikaja.
Matundu matatu yakafumba,
nami nikamaliza kwa nukta moja.
Ya pili bado sijaistahili.

Alipanda Pongwe na tani nne, akarudi usiku,
mshale wa joto katikati, hauendi wala haurudi,
akalilaza gari uani kwetu, akalala ndani yake.

Alfajiri nikakuta pamelowa chini ya injini.
Nikapiga magoti. Nikagusa, nikanusa.

Kahawa.