Kati ya Tatu na Nne

Nilipanda milima ya Naryn na madodoso arobaini
na kalamu mbili, moja wino umeganda njiani.
Nimetumwa kupima ari.
Si kwa pishi, si kwa kibaba, si kwa shibiri:
kwa moja hadi tano,
sikubali kabisa hadi nakubali kabisa,
weka tiki, usiruke swali.

Anarkul alinipa chai ya maziwa yenye chumvi,
akasukuma makaa jikoni, akavaa miwani
iliyoungwa kwa plasta ya zahanati.
Muuguzi ni yeye tu hapa, miaka ishirini na sita.
Alilishika dodoso kama kifundo cha mgonjwa,
akitafuta mapigo.

*Naamka nikiwa na hamu ya kwenda kazini.*
Akacheka. "Kuamka kupi? Jana sikulala.
Saa tisa usiku Bakyt kagonga dirisha,
farasi anafuka mvuke, mkewe chupa imepasuka."
Na mtoto?
"Wa kike. Kilo tatu na gramu mia.
Hicho ndicho kipimo ninachokijua mimi."

*Mshahara wangu unalingana na juhudi zangu.*
Moja. Tiki ilitoboa karatasi.

*Mkuu wangu huthamini kazi yangu.*
Mkuu yuko kilomita tisini.
Alikuja mara moja, majani yakipukutika,
akahesabu vipimajoto, akaona kimoja hakipo,
akaandika, akaondoka.
Mbili. "Alikuwa na mafua," akaongeza.
"Nilimpa dawa."

*Nafikiria kuacha kazi hii.*
Hapo kalamu ikasita.
Akavuta droo: barua ya kujiuzulu, ya mwezi Machi,
haina sahihi.
Binti yake anauza makoti Bishkek,
kila Jumapili humpigia: Mama, shuka.
Nyuma ya barua, kwa penseli,
majina ya watoto ambao hawajachanjwa surua.
"Sikuwa na karatasi nyingine," alisema,
nami sikujua niamini upande upi.

Mlango ukagongwa. Mtoto kaangukiwa na samova.
Akatoka bila koti, mkoba begani,
nikabaki nikilisha jiko lake makaa
na kusikiliza theluji ikiporomoka paani.

Alirudi giza limeingia, mikono inanuka dawa ya moto.
Hakuketi. Akainamia swali lile,
akaweka tiki juu ya mstari wenyewe
unaotenga tatu na nne.
"Papo hapo. Usiisogeze."

Bishkek, kompyuta ilikataa.
"Chagua," alisema msimamizi. "Takwimu haina nusu."
Tatu ingekuwa uongo. Nne, uongo vilevile.
Nikabonyeza tisini na tisa,
namba yetu ya jibu lisilopatikana.

Ndivyo alivyoingia kwenye jedwali, safu ya kumi na mbili,
mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na sita
kila aliyegonga alimkuta:
hayupo.