Mguu wa Kushoto, Kibuye

Akeyo hakuniuliza namba.
"Vua. Simama. Mguu haupimwi umekaa."
Akachora nyayo zangu kwa chaki
juu ya boksi la sabuni lililokunjuliwa,
na hapo, mbele ya wauza omena,
nikaona kwa mara ya kwanza
kwamba wa kushoto umeuzidi wa kulia
kwa upana wa njegere.

Miaka thelathini na mmoja nimeutembeza bila kuujua.

Nilitoka Kapsokwony na gari la alfajiri.
Kazi yangu kupandisha wageni Elgon,
hadi kule sakitu inakovunjika chini ya soli
kama sukari guru.
"Umechelewa vizuri," akasema.
"Saa tisa mguu umevimba, unasema kweli.
Asubuhi hudanganya."

Nikamwambia mazoea yangu:
mabuti ya kaka yangu Ndiwa, gazeti puani,
kucha mbili nyeusi kila msimu,
tabasamu kwa mgeni, damu kwenye soksi.
Kwetu kiatu hakikutoshi.
Wewe ndiwe wa kukitosha kiatu.

Belo la wiki iliyopita lilitapika jozi ya ajabu:
plastiki ngumu, rangi ya chungwa,
vifungo vinne vya chuma, uzito wa jiko.
Soko zima likacheka. Viatu vya roboti!
Akeyo aliwahi kuviona kwenye televisheni ya kinyozi:
"Watu wanapanda theluji nusu siku
ili wateleze dakika tano."
Mimi kupanda naweza.
Kushuka ndiko kunakoning'oa kucha.

Akachomoa kiini cha lile gamba,
laini, kinene, kama mnofu wa konokono.
Akakipunguza kwa wembe,
akakipasha juu ya makaa, kwa mbali,
unavyopasha jani la mgomba lisipasuke,
akakisukuma ndani ya buti la ngozi.
"Ingiza kabla hakijasahau moto."
Mwanawe akahesabu hadi mia tatu,
akairuka thelathini yote.

Palibaki mahali pamoja: kifundo cha nje, kushoto.
Akatoa rangi yake ya mdomo,
akanipaka mfupa mwekundu.
Nikavaa, nikavua, busu likabaki ndani ya buti,
na pale pale akapakwangua
kwa kigae cha chupa.

Kisha ubao, umeinamia mtaro.
"Shuka. Vidole vinagonga?"
Havigongi.
"Panda. Kisigino kinaruka?"
Kimetulia kama mkwe aliyepewa kiti.

Adhabu ya kaburi, wanasema, aijua maiti.
Kisigino changu kiliijua kikiwa hai,
hakuna aliyekiuliza.

"Mia nane ya mabuti," akasema,
"mia mbili ya kukusikiliza."
Sikuomba apunguze.

Magamba ya chungwa yalibaki mlangoni,
kifaranga kimelala katika moja.
Nikaomba lile boksi.
Nimelikunja mara nne, limo mfukoni,
chaki inanichafua koti,
na gari la Kitale halijajaa bado.